Kusoma Nyayo: Jinsi Kikundi Kinavyoweza Kufundisha Watu Wake Kuwajua Wanyama wa Porini



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya maji, mbegu, mifugo na mikopo midogo midogo. Leo tunazungumza juu ya wanyama wa porini. Sasa mtu atauliza, hiyo si ni kazi ya serikali? Ni kweli, askari wa wanyamapori (KWS) wapo, na sheria imewapa kazi hiyo. Lakini askari hao ni wachache na vijiji ni vingi. Ndovu akivunja shamba saa nane ya usiku, au mbuzi akiuawa bomani, mtu wa kwanza kufika ni jirani. Kama huyo jirani hajui anachokitazama, mambo huharibika pale pale.

Angalieni jinsi mambo yanavyoharibika. Mbuzi wawili wamekutwa wamekufa asubuhi. Watu wanajaa, kila mtu anakanyaga. Mmoja anasema ni chui, mwingine fisi, wa tatu simba. Mwenye mbuzi ana hasira, na haki yake, maana hiyo ilikuwa karo ya mtoto. Jioni mtu analeta sumu ya wadudu ya dukani na kuipaka kwenye mzoga. Usiku wanakuja fisi, bweha na tai, wote wanakufa. Mbwa wa jirani naye anakufa. Na kama mtoto akishika ile nyama, je? Mwishowe yule aliyeua mbuzi huenda alikuwa kundi la mbwa wa kijijini wasiofungwa, na bado wapo.

Hayo si maneno ya kutishana. Mwezi wa Desemba 2015 kule Maasai Mara, simba wa kundi lijulikanalo sana, la Marsh, walitiwa sumu katika mzoga wa ng'ombe, baadhi yao wakafa, na wenye mifugo wakashikwa wakapelekwa kortini. Hasara ilikuwa ya pande zote: ng'ombe wameenda, simba wameenda, na watu wameingia mashakani.

Kwa hiyo tunasema hivi: kijiji kinachoishi na wanyama kinahitaji watu wake wanaojua kusoma nyayo, kama vile kinavyohitaji mkunga na mhudumu wa afya. Watu hao wanaweza kufundishwa, na kikundi chenu kinaweza kuanza bila mradi mkubwa wala gari.

WENGINE WAMEFANYA NINI?

Tuanze na wenzetu wa upande wa Amboseli. Mwaka 2007 ulianzishwa huko mpango uitwao Lion Guardians, yaani walinzi wa simba. Walichukua morani wa Kimaasai, vijana ambao zamani wangepata sifa kwa kuua simba, wakawapa kazi ya kuwafuata simba hao kwa nyayo na kuwajua mmoja mmoja kwa jina. Wengi wao hawakuwa wamesoma shule, basi wakafundishwa kusoma, kuandika na kutumia vyombo vya kupimia mahali. Kila siku wanatafuta nyayo, wanawaambia wachungaji, "Leo msipeleke ng'ombe upande ule." Wanasaidia kutengeneza maboma mabovu, wanatafuta ng'ombe waliopotea, na hata watoto wachungaji waliopotelea porini. Ujuzi wa kuua umegeuka kuwa ujuzi wa kulinda, na morani hakupoteza heshima yake.

Afrika Kusini yupo mtaalamu aitwaye Louis Liebenberg, aliyekaa na Wasan wawindaji wa Kalahari, na mwaka 1990 akatoa kitabu kueleza kwamba kusoma nyayo ni sayansi kamili: mtu anaona alama, anafikiri sababu, anakisia mnyama ameenda wapi, halafu anakwenda kuhakikisha. Akikuta amekosea, anarudi na kufikiri upya. Baadaye aliwatengenezea wasoma nyayo wasiojua kusoma chombo cha mkononi chenye picha. Mtu anabonyeza picha ya mnyama na ya kile alichokiona, na habari inaandikwa pamoja na mahali. Na mwaka 1994 alianza kuwapa wasoma nyayo mtihani, ili mzee ambaye hajakanyaga darasani naye apate cheti chake. Tutaurudia mtihani huo huko mbele.

Hapa kwetu pwani, katika msitu wa Arabuko-Sokoke, vijana wa vijiji vya jirani wamekuwa waongozaji wa wageni kwa miaka mingi. Wanajua bundi mdogo wa Sokoke analala wapi mchana, na wanamjua sange yule mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Na wakulima wa hapo, tangu 1993, wanafuga vipepeo katika mradi wa Kipepeo, Gede, na kuuza mabuu yaliyofungika kwa wanunuzi wa ng'ambo. Huwezi kufuga kipepeo kama hujui kiwavi wake anakula jani gani. Ujuzi wa viumbe umekuwa unga na karo.

Na kule Nairobi, watu wa Nature Kenya wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na wameyafanya kwa miaka mingi sana. Anayetaka kujua ndege anakuja, anatembea na wanaojua, anauliza. Juma hili ndege watatu, juma lijalo watatu wengine. Haba na haba.

NANI AFUNDISHWE, NA NANI AFUNDISHE?

Msichague kwa cheti cha shule. Chagueni kwa macho na kwa tabia. Mtu mwenye subira, asiyelewa, asiyejisifu, na anayeweza kusema "sijui" bila haya. Huyu wa mwisho ni wa maana sana. Msoma nyayo anayeona aibu kusema hajui atawaambia ni chui, na kumbe ni paka wa porini.

Msiwasahau akina mama. Anayekwenda kuni na maji kila siku anajua njia za wanyama kuliko kijana anayeshinda sokoni. Wavulana wachungaji pia wanajua mengi, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

Na walimu je? Mwalimu wa kwanza yupo kijijini. Ni yule mzee aliyekuwa mwindaji. Huko Tsavo, Wawata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa mafundi wa kufuata ndovu kwa nyayo na kumpiga kwa upinde mkubwa wenye mshale wa sumu. Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliwasaka na kuwafunga wengi. Hata hao waliowakamata walikiri kwamba hawakuona wasoma nyayo wa kuwashinda. Watu kama hao, na wajukuu wao, wapo katika sehemu nyingi za nchi, lakini wananyamaza kwa sababu wanaogopa kuitwa majangili. Kikundi kiende kwao kwa heshima, kiwaeleze wazi kwamba hawaulizwi waliua nini zamani. Wanaulizwa wanajua nini. Na mzee anayefundisha asubuhi nzima apewe chai na nauli yake. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee naye ana njaa.

Mwalimu wa pili ni askari wa KWS wa kituo chenu. Mwalikeni mapema, kabla ya kuanza. Akijua mnafanya nini hatawashuku akiwakuta mnafuata nyayo kichakani, na ninyi mtajua mipaka yenu iko wapi.

MAFUNZO YENYEWE: MWANZIE NYUMBANI

Watu wengi wanataka kuanza na simba. Hapana. Mwanzie uani kwenu.

Tafuteni kiwanja kidogo cha udongo laini au mchanga, hatua tano kwa tano. Jioni kisawazisheni kwa tawi. Asubuhi jua likiwa bado chini, njooni msome: kuku alipita, mbwa alipita, mtoto alipita akikimbia, mama mwenye ndoo alipita. Nyayo husomeka vizuri asubuhi na jioni, kwa sababu jua la chini hutia kivuli ndani ya alama. Simama mahali ambapo unyayo uko kati yako na jua, utaona hata ukucha. Saa sita mchana hata fundi huona shida.

Kila mtu awe na daftari, penseli na kijiti chenye alama za sentimita. Achore unyayo kama ulivyo, apime urefu na upana, apime na hatua, yaani kutoka unyayo mmoja hadi unyayo ufuatao wa mguu ule ule. Kuchora ni muhimu kuliko picha ya simu, kwa sababu anayechora analazimika kutazama. Lakini picha nayo ipigwe, na kando ya unyayo iwekwe penseli au sarafu ili ukubwa ujulikane. Picha bila kipimo haimsaidii mtu.

Baada ya wiki nne hivi, mtu anajua nyayo za nyumbani. Hapo ndipo anaweza kutofautisha za mgeni.

MBWA, FISI AU CHUI?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi vijijini, basi tulieleze pole pole.

Mbwa, fisi na chui wote huacha alama ya vidole vinne na kiganja nyuma yake. Tazama kwanza kucha. Chui na simba huficha kucha zao wakitembea, kwa hiyo alama za kucha hazionekani. Mbwa, bweha na fisi huonyesha kucha. Duma ni wa jamii ya paka lakini yeye huonyesha kucha, msidanganyike.

Halafu tazama kiganja. Cha paka, awe chui au simba, ni kikubwa, na upande wa nyuma kina mafundo matatu. Cha mbwa ni kidogo na kina umbo la pembetatu. Cha fisi kimekaa upande upande, na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma kwa sababu uzito wake uko kifuani na shingoni.

Mwisho, pima. Unyayo wa chui huwa karibu sentimita 7 hadi 9, wa fisi mwenye madoa karibu 9 hadi 11, na wa simba mkubwa hupita 11. Lakini kipimo peke yake kisikupe jibu. Simba mdogo na chui dume wanaweza kukaribiana, na matope hupanua unyayo. Tafuta nyayo zaidi ya moja, kisha useme.

Mzoga nao unasema. Chui na simba kwa kawaida huua kwa kukaba koo, na utaona matundu ya meno shingoni. Chui hupenda kuburuta windo lake na kulipandisha mtini. Fisi hurarua, hula akianzia tumboni, na huvunja mifupa. Kinyesi chake kikikauka kinakuwa cheupe kwa sababu ya ile mifupa. Mbwa wa nyumbani huuma ovyo, miguuni na matakoni, na mara nyingi hujeruhi mbuzi wengi bila kuwala. Ukikuta mbuzi sita wamejeruhiwa nyuma na hakuna aliyeliwa, usikimbilie kusema chui.

Jambo moja la hatari. Mnyama aliyekufa ghafla na damu inamtoka puani, mdomoni au nyuma bila kuganda, msimguse wala kumpasua. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Mwiteni daktari wa mifugo.

NDOVU ALIPITA LINI, NA NI MKUBWA KIASI GANI?

Unyayo wa mbele wa ndovu ni wa duara, wa nyuma ni mrefu kidogo kama yai. Chukua kamba, zungusha unyayo wa mbele, pima urefu wa hiyo kamba, uzidishe kwa mbili. Utapata kadirio la kimo chake begani. Kama kamba ni sentimita 130, ndovu huyo ana kimo cha karibu mita 2 na sentimita 60. Chini ya mguu wake kuna mistari ya mipasuko, na hakuna ndovu wawili wenye mistari sawa. Ichoreni. Mkiikuta tena mwezi ujao shambani, mtajua ni yule yule. Mara nyingi wanaozoea kuvunja mashamba ni madume wachache wanaorudi rudi, si kundi zima la msituni. Hilo ni jambo kubwa la kumwambia askari.

Kujua alipita lini ni kazi ngumu zaidi. Msaada wenu ni mambo ambayo saa zake mnazijua. Mvua ilinyesha saa nane usiku na ikakatika? Basi unyayo wenye vitone vya mvua ndani yake ni wa kabla ya saa nane. Unyayo safi uliokanyaga juu ya vitone ni wa baada ya hapo. Umande je? Mnyama akipita majanini baada ya umande kuanguka, huacha mstari mweusi katika weupe wa umande. Vidudu vya usiku vimetembea juu ya unyayo? Basi mnyama alipita kabla vidudu havijamaliza matembezi yao. Jani lililovunjwa bado limesimama au limenyauka? Kinyesi bado kinang'aa, na ndani kina joto? Mfunze kila mwanafunzi aweke alama ya kwato ya mbuzi wake uani, aitazame baada ya saa moja, saa sita, siku moja, siku mbili, juani na kivulini. Baada ya mwezi atakuwa na saa yake mwenyewe kichwani.

Kazi hii ina faida gani? Chukueni mfano wa Sagalla, karibu na Voi. Huko wakulima wamezungusha mashamba kwa ua wa mizinga ya nyuki, mpango uliotokana na uchunguzi wa Lucy King wa shirika la Save the Elephants. Ndovu anaogopa nyuki. Mizinga hutundikwa kwa waya, mita kumi kutoka mmoja hadi mwingine, na kati ya mizinga ya kweli huwekwa ya bandia. Ndovu akigusa waya mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka. Lakini ua hugharimu pesa na kikundi hakiwezi kuzungusha kijiji kizima kwa siku moja. Kikundi chenye wasoma nyayo kinajua ndovu wanaingilia wapi, miezi gani, na kinaweza kuanzia hapo.

USALAMA KWANZA

Hapa tunasema kwa mkazo. Msoma nyayo wa kijiji kazi yake ni kujua na kutoa habari. Si kukamata, si kufukuza, wala si kuua. Kikundi kiandike sheria zake na kila mtu azishike:

1. Hakuna anayefuata nyayo peke yake. Wawe watatu: mmoja anatazama chini, wawili wanatazama mbele na kando. Anayetazama chini peke yake ndiye anayegongana na nyati.

2. Chukua jivu katika kitambaa, ulipeperushe mara kwa mara. Kama upepo unatoka kwako kwenda kwa mnyama, simama, badilisha njia.

3. Nyayo zikiwa mbichi kabisa, rudini. Mmeshajua mlichotaka kujua.

4. Sikilizeni. Tumbili akipiga kelele, kanga wakiruka kwa vishindo, au wale ndege wanaokaa mgongoni mwa nyati wakiruka mbele yenu, simameni. Wamemwona aliye karibu kabla yenu.

5. Msimkaribie ndovu mwenye mtoto, wala mnyama aliyejeruhiwa, kwa sababu yoyote ile.

6. Msiokote pembe, jino, ngozi wala kucha. Kuwa na vitu hivyo bila kibali ni kosa, hata kama uliokota. Achieni hapo, mwambieni KWS.

7. Msitangaze ovyo mahali ndovu au kifaru walipo. Habari inayomsaidia askari humsaidia pia jangili.

Mkipoteza nyayo, msitawanyike. Wekeni alama kwenye unyayo wa mwisho mnaouona vizuri. Tazameni mbele, mjiulize: ningekuwa mimi mnyama huyu, mwenye kiu, jua hili, ningepita wapi? Mtafute huko kwanza. Msipopata, zungukeni duara kutoka kwenye ile alama mpaka mkutane nazo tena.

DAFTARI LINALETA HAKI

Hapa ndipo kikundi kinapopata kitu cha kushika mkononi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia: shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo na mazao pia yana fidia, kwa bei ya soko. Madai hupitia kamati ya kaunti ya wanyamapori na fidia.

Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtu ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake au mazao yake hatalipwa. Na kila dai linataka ushahidi. Watu wengi hupeleka madai kwa maneno matupu: "Chui alikula mbuzi wangu." Lini? Ulijuaje ni chui? Boma lilikuwaje? Wakati huo nyayo zimeshafutika.

Kikundi chenye msoma nyayo kinafika asubuhi ile ile. Kinazuia watu wasikanyage. Kinafunika unyayo mzuri kwa karai au sufuria mpaka askari afike. Kinaandika tarehe, saa, mahali, mnyama, dalili zilizoonekana, hali ya boma, na majina ya mashahidi. Kinapiga picha zenye kipimo. Hatuwezi kuwaahidi kwamba mtalipwa haraka. Wengi wenu mnajua watu waliongoja miaka. Lakini dai lenye maandishi haliwezi kutupwa kirahisi kama lile lisilo na kitu.

Na daftari liandike ukweli hata ukiwa mchungu. Kama ni mbwa wa mwenyekiti waliokula mbuzi, iandikwe mbwa. Siku mtakapoandika chui ili mtu apate pesa, askari hataliamini daftari lenu tena, na mtakuwa mmemwibia jirani atakayeumwa na chui wa kweli.

MTIHANI, NA BAADA YA HAPO

Baada ya miezi sita hivi wapeni mtihani. Tumieni njia ile ya Liebenberg. Mwalimu anatembea na wanafunzi porini, anachora duara kuzunguka alama na kuuliza: huyu ni nani? mguu gani? alikuwa akifanya nini? Swali rahisi likijibiwa vizuri linatoa alama 1, likikosewa linapunguza alama 3. Swali la katikati linatoa 2 na kupunguza 2. Swali gumu sana linatoa 3, na likikosewa linapunguza 1 tu. Mnaona maana yake? Kukosea unyayo wa punda ni aibu kubwa kuliko kukosea wa nyegere. Kila jibu likitolewa, wote wanarudi kwenye alama na kuelezwa kwa nini. Kwa hiyo hata aliyeanguka anarudi nyumbani amejifunza.

Anayefaulu asiishie kwenye nyayo. Ajifunze ndege, miti, majani ya dawa, majina ya Kiswahili na ya lugha ya mama. Majina hayo yanapotea kila mzee anapozikwa. Wekeni daftari la pili: jina la mti, unatoa maua mwezi gani, ndege gani wanakuja, unatumika kwa nini. Shule ya jirani ikiwa na klabu ya wanyamapori, wapelekeeni. Vilabu hivyo, Wildlife Clubs of Kenya, vipo tangu 1968 na watoto hupenda mgeni anayejua mambo ya porini. Kijana mwenye bidii anaweza kuendelea hadi mtihani wa waongozaji wa watalii wa chama cha KPSGA, kilichoanzishwa 1996, akianzia daraja la shaba. Si wote watakaopata kazi. Msiwaambie vijana hivyo. Lakini mlango upo.

KUJITOLEA SI KUTUMIKISHWA

Mipango mingi ya kujitolea hufa mwaka wa kwanza, na sababu si uvivu. Mtu anayeamshwa saa kumi ya alfajiri kila siku, anaharibu viatu vyake, halafu kwenye mkutano hata jina lake halitajwi, ataacha. Pangeni zamu. Watu sita, kila mmoja siku mbili kwa wiki, inatosha. Gumboots, tochi na muda wa simu vitoke kwenye mfuko wa kikundi. Na katika kila mkutano wa mwezi wapewe nafasi ya kusoma daftari lao mbele ya wote.

Jambo jingine ni imani ya majirani. Watu wakianza kusema "hawa ni wapelelezi wa KWS," kazi imekufa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, iteni baraza. Chifu awepo, wazee wawepo, na wale vijana mnaojua hutega mitego nao wawepo. Semeni wazi daftari ni la nani, nani anaruhusiwa kulisoma, na habari gani zitapelekwa kwa askari. Kijiji kikubaliane. Msoma nyayo awe mtu wa kijiji kwanza.

Hatusemi kwamba kusoma nyayo kutamfanya ndovu aache mahindi. Atakuja tu. Lakini kijiji kinachojua nani alikuja, saa ngapi, kwa njia gani, kinaweza kupanga. Kisichojua kinabaki na hasira na sumu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mwaka huu wanyama gani wameleta hasara hapa kwetu? Tulijuaje ni wao?
2. Ni wazee gani hapa wanaojua nyayo? Nani atakwenda kuwaona, na atawaambia nini?
3. Je, kuna sumu inayotumiwa kijijini kwetu kuua wanyama? Tunaweza kuzungumzaje juu yake bila kumwaibisha mtu?
4. Tukiwachagua watu sita leo, ni akina nani, na mfuko wetu unaweza kuwanunulia nini mwezi huu?